Ndege Wajuao Majira

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Yeremia 8:7, Mathayo 10:29-31



Nabii Yeremia alipotaka kuwaaibisha watu wa Yuda hakuwatajia malaika, wala hakuwatajia wafalme wa kale. Aliwatajia ndege. Katika sura ya 8, mstari wa 7, anasema kwamba ndege wasafirio, wakiwamo hua, mbayuwayu na korongo, huyajua majira yao na kuyashika. Lakini watu wa Mungu, waliopewa torati na manabii na hekalu, hawaijui njia ya Bwana wao. Ndege asiyekwenda shule hufika kwa wakati wake. Mwanadamu aliyefundishwa huchelewa, au hafiki kabisa.

Neno hili limetujia kwa nguvu mwaka huu, nasi twapenda kulitafakari pamoja nanyi kwa kuwatazama ndege wa nchi yetu ya Mbulu na Hanang. Asiseme mtu kwamba kutazama ndege ni kazi ya watalii wenye darubini shingoni. Bwana wetu alipokuwa akifundisha mlimani aliwaagiza wanafunzi wake wawatazame ndege wa angani wajifunze kwao. Agizo hilo tulipewa sisi kabla ya watalii.

Ndege wa kipupwe

Kipupwe cha huku kwetu twakijua sote. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu huweza kulala juu ya ukingo wa Bonde la Ufa mpaka saa nne za asubuhi, wazee hawaachi mablanketi, na watoto huenda shule mikono ikiwa kwapani. Lakini mwaka huu, katikati ya Julai, baridi ililegea kwa muda wa majuma mawili hivi. Jua lilitoka mapema, upepo ukatulia, na watu wakapura maharage yao uani pasipo kutetemeka. Ndege nao walitoka kwa wingi. Sisi tuliostaafu, ambao kengele ya shule haituiti tena, tulipata nafasi ya kutembea na kuwaangalia.

Tuliwaona yangeyange wakifuata miguu ya ng'ombe, wakidaka panzi waliotimuliwa na kwato. Tuliwaona kanga wakichakura katika mabua ya mahindi, na hua wakiokota punje zilizoruka kutoka kwenye mikungu ya wapuraji. Chozi walikuwa wakining'inia kwenye maua mekundu ya mishubiri, hawana habari na mtu. Karibu na Ziwa Tlawi tuliwaona korongo taji wawili wakitembea majini taratibu, kama mzee wa kanisa na mkewe wanaokwenda kushiriki Meza ya Bwana. Na ng'ambo ya Hanang, katika maji ya chumvi ya Ziwa Balangida, heroe walikuwa wamejipanga mstari wa rangi ya waridi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa.

Huyo korongo taji tumwangalie vizuri, maana tangu mwaka 2012 amehesabiwa na wataalamu wa dunia miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Mabwawa anamotagia yanakaushwa ili kulimwa, na makinda yake hukamatwa yakauzwa. Sisi tuliokua tukimwona kila mwaka twadhani yuko daima. Ndivyo watu walivyo na neema za Mungu: hawazihesabu mpaka zimepungua.

Tena, katika Bonde la Yaeda, ndani ya wilaya yetu ya Mbulu, yuko mlembe, ndege mdogo awaongozaye watu kwenye asali. Ndugu zetu Wahadzabe humpigia mluzi. Naye huja, hulia, huruka mti kwa mti akiwatangulia mpaka penye mzinga wa nyuki. Watu hupata asali, ndege hupata nta na mabuu ya nyuki. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: mlembe wa nchi ya Wahadzabe huitika zaidi mluzi wa Wahadzabe kuliko sauti ya warina asali Wayao wa Msumbiji, na mlembe wa Msumbiji huitika zaidi sauti ya Wayao. Yaani ndege wa mwituni ameijua sauti ya watu wake. Tukisoma sura ya 10 ya Injili ya Yohana, habari za kondoo waijuao sauti ya mchungaji, tumkumbuke na mlembe wa Yaeda.

Wageni waliokuwa mbali

Lakini Julai ile walikuwako ndege wengine ambao hatukuwaona. Mbayuwayu wale wenye koo jekundu, waletao shangwe juu ya malisho kuanzia Septemba au Oktoba, hawakuwapo. Keremkerem wa Ulaya hawakuwapo. Korongo weupe wenye midomo myekundu, waonekanao katika mashamba baada ya mvua za kwanza, nao hawakuwapo. Walikuwa Ulaya wakilea watoto, maana wakati wetu wa kipupwe ndio wakati wao wa jua. Kwao baridi ikianza kuuma, huku kwetu mvua hukaribia na wadudu huongezeka, ndipo wanapokuja.

Tulipokuwa tukifundisha, watoto walituuliza mara nyingi: Mbayuwayu huenda wapi? Swali hilo si la kitoto. Watu wenye elimu wa Ulaya waliliuliza kwa muda wa karne nyingi, na baadhi yao waliandika kwamba mbayuwayu hulala katika matope chini ya maziwa mpaka baridi iishe. Ndipo mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz huko kaskazini mwa Ujerumani, korongo mmoja alipigwa risasi. Walipomwokota walikuta mkuki umepenya shingoni mwake, mrefu kama sentimeta 80, na mti wake ulikuwa wa Afrika. Ndege yule alikuwa amechomwa mkuki katika bara letu, asife. Akaruka na jeraha lake maelfu ya kilometa, akarudi nyumbani kwa majira yake. Amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kwa ushahidi wa mkuki ule watu wa Ulaya walisadiki kwamba korongo wao huishi nusu ya mwaka kwetu.

Wapendwa, tulitafakari jambo hili. Huku alichomwa mkuki. Kule alipigwa risasi. Yeye peke yake, kati ya wote waliohusika, ndiye aliyetimiza wajibu wake.

Na liko jambo lililo kubwa kuliko hilo. Korongo hapendi kuvuka bahari pana, kwa sababu huruka kwa kuchukuliwa na hewa ya moto inayopanda kutoka nchi kavu. Kwa hiyo korongo wa Ulaya ya mashariki huzunguka kupitia Uturuki, hushuka juu ya nchi ya Palestina, huvuka Sinai na Misri, kisha hufuata Sudan mpaka kwetu, na wengine huendelea hata Afrika Kusini. Njia hiyo ni ya kale. Basi Yeremia, aliyezaliwa Anathothi karibu na Yerusalemu, alipoinua macho na kuwaona ndege wakipita juu ya mji ule wenye dhambi, aliwaona mababu wa korongo tunaowaona sisi. Walikuwa njiani kuja Afrika. Ndege aliowatumia nabii kuwahubiria Wayahudi walimaliza safari yao huku, katika mabara haya yetu, watu wetu wa kale wakiwatazama pasipo kujua kwamba wamekuwa mahubiri.

Tena katika Kiebrania korongo mweupe huitwa hasida, jina linalohusiana na neno lenye maana ya fadhili zisizokoma, neno lile lile litumiwalo kwa fadhili za Mungu kwa watu wake. Wayahudi walimwita ndege huyu mwaminifu. Nasi twapaswa kujiuliza kama ndege, wakitupa sisi jina, wangetupa jina la namna hiyo.

Majira yaliyochafuliwa

Siku hizi zimekuja habari ambazo Yeremia hakuzijua. Nchini Hispania na Ureno, maelfu ya korongo ambao wazazi wao walivuka kwenda Afrika Magharibi, sasa hawavuki. Hubaki huko huko wakati wote wa baridi. Wataalamu wataja sababu mbili kubwa: kwamba baridi ya huko imekuwa nyepesi kuliko zamani, na kwamba majalala ya miji yana chakula cha kutosha. Korongo aliyekuwa akifuata panzi barani Afrika sasa husimama juu ya takataka akila mabaki. Twakumbuka wana wa Israeli jangwani, walivyotamani masufuria ya Misri kuliko safari ya kwenda nchi ya ahadi.

Hali kadhalika, katika nchi nyingi za Ulaya majani huchipua na wadudu hutokea mapema kuliko ilivyokuwa. Ndege wengine wamejaribu kuwahi. Wengine, wakifuata saa ya baba zao, hufika na kukuta karamu imekwisha na watoto hawana chakula. Si kosa la ndege. Joto la dunia limepanda kwa sababu ya moshi wa makaa, mafuta na misitu inayoteketezwa.

Hapa, wapendwa, ndipo neno la Yeremia linapotuchoma mara ya pili. Yeye alisema: ndege wajua majira, ninyi hamjui. Leo imezidi hapo. Sisi wanadamu, tusiojua majira yetu, tumeanza kuyavuruga hata majira yao. Mwanafunzi mzembe asiyejifunza amekwenda kumfutia ubao yule aliyekuwa akijifunza.

Mtu atasema, na asema kweli, kwamba moshi mwingi umetoka katika viwanda na magari ya nchi tajiri, wala si katika mafiga ya Dongobesh au Katesh. Ni haki kuyasema hayo, tena Kanisa liyaseme kwa sauti, maana maskini ndio wanaolipa deni wasilolikopa. Lakini haifai kulitumia kosa la jirani kama pazia la kufunika la kwetu. Shoka tulilolishika wenyewe, manati tuliyomnunulia mtoto wenyewe, sumu tuliyoimwaga wenyewe, hayo hatuwezi kumsingizia mtu wa Ulaya.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Korongo na mbayuwayu ni wageni wanaotimiza methali hiyo. Hawaji mikono mitupu. Korongo hula panzi, nzige na viwavijeshi. Mbayuwayu, ambaye uzito wake haupiti vijiko vinne au vitano vya chai vilivyojaa sukari, hushinda kutwa akidaka wadudu juu ya mashamba yetu. Hawatuombi mshahara. Basi tuwapokeeje? Yako mambo matatu ambayo twaona yafaa yafanyike katika kila nyumba ya mtaa wetu.

Kwanza: manati na viota

Tuanze na watoto, maana tumetumia umri wetu kwa watoto. Katika Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 6 na wa 7, imeamriwa kwamba mtu akikuta kiota njiani na mama amewalalia makinda au mayai, asimtwae mama pamoja na wanawe. Amwache mama aende zake. Nani angedhani kwamba Mungu aliyezitandaza mbingu atatunga sheria ya kiota? Lakini angalieni ahadi iliyofungwa katika amri hii: heri na maisha marefu. Ni ahadi ile ile iliyotolewa katika kitabu hicho hicho, sura ya 5, kwa mtu awaheshimuye baba yake na mama yake. Mungu ameweka heshima ya mama wa ndege na heshima ya mama yetu chini ya baraka moja.

Tena amri hii ina hekima ya mkulima. Haikumkataza mwenye njaa kula. Ilimkataza kula mwaka huu na mwaka ujao kwa pigo moja. Mama akiachwa atataga tena.

Kwa hiyo wazazi, mtoto anapokwenda machungani na manati shingoni, msimwulize tu kama ng'ombe wamerudi wote. Mwulizeni amepiga nini, na kwa nini. Mtoto aliyezoea kuua kitu asichokila, kwa kuufurahia mchezo tu, anajifunza somo ambalo hatutapenda alitumie akiwa mtu mzima. Walimu wa shule ya Jumapili na wawafundishe watoto kuhesabu ndege badala ya kuwapiga. Daftari moja na kalamu ya risasi yatosha: tarehe, mahali, ndege gani, wangapi. Tumewafundisha wengi hivyo, na tumeona kwamba mtoto akishaandika jina la ndege daftarini, mkono wake huwa mzito kuvuta manati.

Pili: sumu na hofu

Hatuwadharau wakulima. Sisi wenyewe tunalima. Bwana Yesu katika mfano wa mpanzi hakuficha kwamba ndege walikuja wakazila mbegu. Na kwelea kwelea, ambao ni miongoni mwa ndege walio wengi kuliko wote duniani, wakitua katika shamba la mtama au ngano hawamwachii mwenye shamba kitu. Kuwaamia ndege ni kazi halali, tena ya kale, na watoto wetu wengi wamesimama juu ya ulingo wakipiga makelele na madebe. Serikali nayo ina mipango yake ya kupambana na makundi makubwa. Tusilolikubali ni sumu imwagwayo ovyo na kila mtu kwa shauri lake mwenyewe. Punje iliyotiwa sumu haichagui. Hua huila, na kuku wa mjane huila. Mzoga uliotiwa sumu ili kumwua fisi huua tumbusi wote watakaoshuka, nao ndio wasafishaji wa nchi wasiolipwa na halmashauri yo yote. Panya aliyekula sumu akaliwa na bundi, bundi naye hufa.

Na kwa kuwa tumemtaja bundi, hatuna budi kusema wazi. Wako Wakristo, waliobatizwa na kuwekewa mikono, ambao wakimsikia bundi juu ya paa hutoka na mawe, kwa kuamini kwamba ameleta kifo. Ndugu zangu, bundi amefuata panya walio ghalani mwenu. Amekuja kulinda mahindi. Mauti na uzima wetu vimo katika mkono wa Baba, wala havimo katika mdomo wa ndege. Mtu aimbaye Jumapili kwamba Kristo amefufuka, kisha Jumatatu usiku akamwogopa bundi, na ajiulize ni lipi kati ya hayo mawili analoliamini.

Tatu: miti na maji

Ndege hana nyumba ila ile aliyoijenga Mungu, nayo ni mti, unyasi na maji. Msitu wa Nou, msitu wa Mlima Hanang, na vinamasi vyetu vidogo ndivyo nyumba zao. Lakini ndivyo pia visima vyetu. Ndege walao matunda hubeba mbegu na kuziangusha mbali, hivyo hupanda miti ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Tukiharibu msitu twamfukuza mpandaji pamoja na mti.

Twaandika haya tukikumbuka tarehe 3 Desemba 2023, ambapo baada ya mvua kubwa tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Hatuthubutu kusema kwamba waliokufa walikuwa wakosefu kuliko sisi. Bwana wetu alipowataja walioangukiwa na mnara huko Siloamu alikataza kabisa mawazo ya namna hiyo. Wala hatusemi kwamba shoka la mtu fulani ndilo lililoleta msiba ule. Twasema tu kwamba siku ile tulijifunza kwa machozi kwamba mlima ulio juu yetu si pambo la kutazama kwa mbali. Hali yake ni hali yetu. Miteremko yake na itunzwe kwa hofu na heshima, kwa ajili ya walio hai na kwa kuwakumbuka waliolala.

Kwetu sisi Waanglikana jambo hili si geni. Baraza la Ushauri la Anglikana, mwaka 1990, liliongeza alama ya tano katika alama za utume wa Kanisa, nayo ni kuutunza uumbaji wa Mungu na kuuhuisha uhai wa dunia. Ikawekwa katika orodha moja na kuhubiri Habari Njema na kubatiza. Na muda mrefu kabla ya hapo, Kitabu cha Sala kiliweka katika Sala ya Asubuhi wimbo wa viumbe vyote, ambamo hata ndege wa angani wanaitwa wamhimidi Bwana. Haifai kumwalika mtu aimbe pamoja nasi asubuhi, kisha adhuhuri tukamrushia jiwe.

Kijiji kilichogeuka

Labda mtu atanung'unika moyoni: Mtaa mmoja mdogo utafanya nini? Basi sikieni habari ya Nagaland, jimbo lililo kaskazini mashariki mwa India, ambako watu wengi ni Wakristo, hasa wa Kibatisti. Yuko kozi mdogo aitwaye kozi wa Amur, kwa jina la mto ulio mpakani mwa Urusi na Uchina. Kila mwaka huondoka huko, hupumzika India, kisha huvuka Bahari ya Hindi pasipo kutua, akashuka pwani ya Afrika. Na mwezi wa Novemba na Desemba hupita katika anga ya Afrika Mashariki akila kumbikumbi wetu.

Mwaka 2012 dunia ilipata habari kwamba watu wa Nagaland, karibu na bwawa la Doyang, walikuwa wakitega nyavu za samaki hewani na kuwanasa kozi hawa kwa makumi ya maelfu kwa siku chache, wawauze kwa nyama. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa maskini walioona mali ikishuka kutoka mbinguni. Lakini wahifadhi walikwenda wakaketi nao, makanisa yakahubiri, mabaraza ya vijiji yakatunga amri. Msimu wa mwaka 2013 ulipofika, hakuna kozi hata mmoja aliyeripotiwa kunaswa pale. Mwaka mmoja tu! Hakuna jeshi lililopelekwa. Watu walitubu, na toba yao ilionekana angani.

Nasi huku Tanzania tulifaidi toba ile pasipo kuijua. Kozi waliopita juu yetu mwishoni mwa mwaka 2013 walipita kwa sababu Wakristo wa mbali, ambao hatutawaona katika maisha haya, walikunja nyavu zao. Hivyo ndivyo ilivyo njia ya ndege: imepita katika mikono ya watu wengi wasiojuana, na mkono mmoja ukikosa uaminifu wote waliotangulia wamefanya kazi bure. Mtu wa Poland anaweza kumlinda korongo juu ya paa lake, na mtu wa Uturuki akamwacha apite, na mtu wa Sudan asimguse. Lakini akifika Basotu akala panzi aliyekufa kwa sumu, yamekwisha. Sehemu yetu ya njia ni fupi. Ni yetu lakini.

Ndege wa nyongeza

Tumalizie kwa kulisikia neno la faraja, maana ni rahisi mambo haya kutulemea. Bwana Yesu alisema habari za shomoro wa sokoni. Katika Mathayo, wawili wauzwa kwa sarafu moja ndogo. Katika Luka, watano wauzwa kwa sarafu mbili. Kila mama anayekwenda mnadani aweza kuifanya hesabu hiyo: kwa sarafu mbili ulistahili wanne, basi yule wa tano ni nyongeza, alitupwa kikapuni bure. Hana bei. Na huyo asiye na bei, asema Bwana, hasahauliki mbele za Mungu; wala hakuna aangukaye chini pasipo Baba kujua.

Wako miongoni mwetu wanaojiona kuwa ndege wa nyongeza. Mzee ambaye watoto wamehamia mjini wala hawaandiki. Mjane aliyenyang'anywa shamba. Kijana aliyemaliza shule akakosa kazi. Mgonjwa ambaye watu wamechoka kumtembelea. Mungu amhesabuye shomoro wa tano amewahesabu ninyi, hata nywele za vichwa vyenu. Na sisi tuliohesabiwa kwa upendo wa namna hiyo tutawezaje kuwa watu wasiojali kitu kisicho na bei?

Septemba itakapokwisha, inueni macho. Mkimwona mbayuwayu wa kwanza juu ya malisho, ameshika ahadi yake. Tena Majilio yatakapofika, na Kanisa litakapotuambia tukeshe na kuzijua nyakati, korongo nao watakuwa wamefika mashambani. Heri mtumwa yule ambaye Bwana wake ajapo atamkuta naye yuko mahali pake, kwa wakati wake.

Na tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, uliyewapa ndege wa angani kuzijua njia wasizofundishwa na mtu: utusamehe sisi tuliofundishwa nawe tukakataa kujifunza. Uwafundishe watoto wetu huruma, wakulima wetu uangalifu, na wakubwa wa mataifa hofu yako. Uwafariji wote wa Hanang waliofiwa. Utufanye wenyeji waaminifu kwa kila mgeni umtumaye, mwenye mabawa na mwenye miguu, mpaka safari yetu itakapokwisha nasi tupokewe katika nyumba yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.